Sura ya Sita: Ubavu wa Ziada

"Zungusha tena," alisema Inspekta.

Fundi wa picha akazungusha. Kwenye kioo cha kompyuta kifua cha mwanamke mzee kiligeuka polepole, mbavu zikipishana, uti wa mgongo ukija mbele na kurudi nyuma, bila ngozi, bila nguo, bila aibu. Hospitali nzima ilimwita fundi huyo Tulia, kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila aliyelala kwenye mashine yake. Asubuhi hiyo yeye mwenyewe hakuwa ametulia hata kidogo. Tangu juzi alikuwa amekatazwa kumgusa mgonjwa yeyote, na alikuwa ameng'ata kucha zote kumi, sasa anatafuta pengine.

"Nimeizungusha mara arobaini, Inspekta."

"Basi hii ni ya arobaini na moja. Una haraka ya kwenda wapi?"

Inspekta alikuwa ameacha polisi miaka minne nyuma, akaajiriwa na hospitali kufuatilia makosa yake, lakini cheo kilikataa kumwacha. Hata wapishi wa wodini walimwita hivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwenye sauti ya chini na subira ya kuudhi. Kesi iliyokuwa mbele yake ilionekana ndogo kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Kulikuwa na kiwanda cha mabati ya asbestosi, kilichofungwa zamani. Vumbi lake ni la aina inayoweza kukaa kifuani miongo mizima kabla ya kuonyesha ubaya wake, kwa hiyo kila mwaka waliowahi kufanya kazi pale waliitwa kupigwa picha ya mapafu kwenye mashine ya mionzi kidogo. Mashine humpiga mtu picha vipande vipande, vyembamba kama mkate uliokatwa vizuri, kisha kompyuta huviunganisha vikawa kifua kizima cha pande tatu. Wiki tatu zilizopita, picha ya mstaafu mmoja wa kike, mwenye miaka sitini na minane, ilionyesha kidoa kwenye pafu la kulia. Upasuaji ukapangwa Alhamisi. Juzi daktari akaomba picha nyingine ya kuongoza kisu, na kidoa hakikuwapo. Pafu lilikuwa safi.

Wote wakamgeukia Tulia. Amechanganya majalada, wakasema. Amempa huyu picha ya yule. Inspekta hakujali sana nani alaumiwe. Kilichomkosesha raha ni jambo moja: kama kidoa si cha mama yule, basi kuna mtu huko nje anachota maji, anacheka na majirani, na hajui alichobeba.

Siku mbili nzima aliwafuata watu kumi na watatu waliopigwa picha siku ileile. Mmoja baada ya mwingine, picha mpya iliwekwa karibu na ya mwaka jana. Kila picha ilikuwa na mwenyewe. Mmoja alikuwa na chuma kwenye mfupa wa bega, mwingine moyo mkubwa kupita kiasi, mwingine mgongo uliopinda tangu utotoni. Njia ile ilikuwa imeishia ukutani.

"Simama hapo," alisema ghafla. "Hicho kidude shingoni ni nini?"

"Ubavu wa ziada," Tulia alijibu. "Mtu anazaliwa nao tu. Wengi hawajui kama wanao."

"Uko kwenye picha zote tatu?"

"Zote. Ya mwaka jana, ya wiki tatu zilizopita, na ya juzi."

Mlango ukafunguliwa, daktari wa mapafu akaingia na koti lake likiwa limefungwa vifungo upande. Alikuwa kijana kuliko wagonjwa walivyopenda.

"Na hicho ndicho kinachonitoa jasho," alisema, kwani alikuwa amesikia. "Ubavu wa namna hiyo, kwenye watu mia ukimpata mmoja una bahati. Upande uleule, umbo lilelile. Picha zote tatu ni za mtu mmoja, Inspekta. Sasa niambie, kidoa cha milimita kumi na moja kimekwenda wapi?"

"Daktari, kwenye picha hizi huwa unatazama nini?"

"Mapafu. Mionzi ni kidogo, kwa hiyo picha ina chenga. Kwenye mapafu haidhuru, pafu ni hewa tupu, kidoa kinajitokeza chenyewe."

"Na mifupa?"

"Mifupa si kazi ya picha hii."

"Tulia, niwekee zote tatu kwa mpigo. Mbavu za kushoto, kwa nyuma."

Vifua vitatu vikasimama kioo kimoja. Inspekta alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kwenye picha ya mwaka jana, mbavu mbili za chini zilikuwa na vinundu, kama fundo kwenye uzi. Kwenye picha ya juzi, vinundu vilevile, mahali palepale. Kwenye picha ya katikati, mbavu zilikuwa laini kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tulia aliacha kung'ata kidole.

"Hivyo vinundu ni nini, Daktari?"

"Alivunjika zamani, akaunga."

"Ubavu ukishaunga hivyo, unaweza kurudi laini kwa mwaka, halafu baada ya wiki tatu ukapata kinundu tena?"

"Haiwezi."

"Basi wa katikati ni mtu mwingine. Lakini ana ubavu wa ziada uleule." Inspekta alivua miwani. "Walichozaliwa nacho ni kimoja. Lililompata mmoja ukubwani halikumpata mwenzake. Nani hao?"

Tulia ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya mtu anayeogopa kujisemea lililo zuri.

"Pacha."

Inspekta akaomba daftari la mashine. Tulia alikuwa na desturi ambayo wenzake waliicheka: kila akimaliza mtu, aliandika ni mara ngapi amerudia kwa sababu mgonjwa ametikisika, maana kurudia ni kumwongezea mtu mionzi bure, na yeye alihesabu hilo kuwa deni lake. Mwaka jana, mama yule: *mara tatu, analia.* Juzi: *mara nne, anatetemeka.* Wiki tatu zilizopita: *mara moja. Ameniambia nina mikono mizuri, nijifunze kushona.*

"Na ulimhakikishaje?"

"Kadi yenye picha. Jina, na tarehe ya kuzaliwa." Uso ukamshuka. "Tarehe ya kuzaliwa..."

"Hukukosea, Tulia. Ungefanya vilevile kwa mtu yeyote." Alimshika bega. Kisha akajilaumu kimoyomoyo, maana kosa lilikuwa lake pia. Siku ya kwanza alimuuliza mama yule anaishi na nani, akajibiwa "na dada yangu", akageuza ukurasa.

Daktari alimpa fomu ya mgonjwa mpya. "Ukimpata, mwandikishe hapohapo. Kesho asubuhi namtaka hapa. Na Inspekta... kimeonekana kikiwa kidogo. Bado hatujui ni kitu gani. Usimtishe."

"Kwani mimi natisha?"

Daktari akaona bora ashughulikie vifungo vyake.

Nyumba ilikuwa ya mlango wa kijani, na uchochoro wa mbele ulikuwa umejaa vipande vya vitambaa vilivyopeperuka kutoka dirishani. Ndani cherehani ilikuwa inakimbia. Inspekta alipiga hodi, cherehani ikanyamaza.

"Karibu! Sukuma kwa bega, mlango huo una kiburi."

Alisukuma. Pamoja na yote aliyokuwa amejiandaa, alisimama kama aliyepigwa na butwaa. Uso ni uleule aliouhoji siku ya kwanza, paji lilelile, kidevu kilekile, ila huu ulikuwa na pini nne mdomoni na macho ya utundu, na futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alizungumza katikati ya pini bila taabu. "Kama umefuata gauni la harusi, halijaisha. Kama umemfuata mdogo wangu, yuko jikoni anajifanya ana kazi."

"Nimewafuata wote wawili."

"Ala! Basi kaa. Toa hiyo mikono ya shati kwenye kiti."

Mtaa ulimwita Bi Cherehani. Mwenzake waliendelea kumwita Bi Kiwanda, ingawa kiwanda kilikuwa kimebaki kuta. Inspekta aliketi, akaweka mkoba magotini, akauliza swali lake bila kulizungusha.

"Mama, Jumatano ya wiki tatu zilizopita, asubuhi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mdogo wangu," alisema Bi Cherehani.

Inspekta alijikuta anacheka. Miaka ishirini na mitatu ya kuhoji watu, hakuwahi kupata jibu la namna ile.

"Umekiri haraka."

"Sasa nikatae nini, na sura hii? Sikiliza, mwanangu. Kule kiwandani rundo la mabati lilimwangukia, likamfunika robo saa nzima. Mbavu ziliunga, lakini tangu siku ile hata shuka hajifuniki kichwa. Mwaka jana alitoka kwenye mashine yenu hajiwezi, siku mbili hakula. Mwaka huu nikamkuta hapo mlangoni, viatu mkononi, hawezi kuvivaa. Nikamwambia, lete kadi. Nilimwandikia mitihani ya hesabu shuleni, nishindwe kumlalia kitandani dakika tano?"

"Na kama angekuwa na ugonjwa?"

"Yule? Ana kifua cha fahali. Nilikwenda kuweka mahudhurio tu." Alichomeka pini moja kwenye gauni. "Na si unaona, majibu yalikuja safi."

"Nani alisema safi?"

"Yeye. Walimpigia simu. Juzi wakamwita tena, sijui ukaguzi gani, nikajitolea nikamsaidie tena. Akakataa! Akaenda mwenyewe, na mguu unamtetemeka. Nikasema haya, leo amekua."

Kwenye mlango wa jikoni vikombe viligongana. Bi Kiwanda alikuwa amesimama pale na sinia, mkono mmoja umebana ubavu wa kushoto, kama alivyoubana siku Inspekta alipomhoji. Inspekta alimtazama, na hapo akaelewa lililobaki. Wauguzi walikuwa wamemwambia mama huyu kila kitu kwenye simu: kidoa, pafu la kulia, Alhamisi. Alijua fika nani aliyelala kwenye mashine siku ile. Alikuwa amejua muda wote.

Inspekta aliuliza kwa upole kadiri alivyoweza.

"Mama, kwenye simu walikuambia nini?"

"Si nimekwambia—" Bi Cherehani alianza.

"Namuuliza yeye."

Bi Kiwanda aliweka sinia juu ya meza ya kukatia, katikati ya vitambaa, mahali ambapo siku zote alikuwa akifokewa asiweke kitu chenye maji. Hakufokewa. Dada yake alikuwa amemwona uso.

"Dada," alisema, "toa pini mdomoni."

"Ya nini tena?"

"Toa kwanza."

Bi Cherehani alizitoa, moja, mbili, tatu, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. Mdogo wake alisubiri mpaka ya mwisho.

"Hawakusema safi. Walisema kuna kidoa kwenye pafu, wanataka kukikata. Mimi nimelala pale juzi, hakimo kwangu." Akamtazama dada yake machoni. "Ni chako, dada."

Nje mtu alikuwa anapita na redio. Walimsubiri apite.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Bi Cherehani.

"Siku tisa."

"Siku tisa." Aliirudia kama mtu anayekagua kipimo. "Ndiyo maana umenipa kiti cha dirishani. Ndiyo maana umeniacha nichague redio. Jumapili umenisuka nywele, mimi nikasema huyu anataka kuniomba kitu." Sauti ilipanda. "Siku tisa umelibeba peke yako, wewe? Wewe ambaye hata mende ukimwona unaniita?"

"Nilishindwa kusema. Kila nikifungua mdomo, nakuona umeinamia cherehani unaimba. Nikaona bora nikalale mwenyewe, waone hakipo, wamtafute mwenye nacho. Nikajua mtu atakuja aseme."

"Nimechelewa siku mbili, mama," alisema Inspekta. "Nisamehe."

Bi Cherehani alimgeukia. Utundu ulikuwa umeondoka machoni, na bila huo alikuwa amefanana na pacha wake kiasi kwamba Inspekta alitazama futi ya shingoni ili asichanganye.

"Kina ukubwa gani?"

"Milimita kumi na moja."

Watu wengine wangeuliza hiyo ni kiasi gani. Yeye alifungua kopo la vifungo, akachovya vidole, akatoa kimoja cha shati bila hata kukitazama, akakiweka kwenye kiganja cha mkono wa pili.

"Hiki."

"Hicho."

"Kidogo."

"Kidogo, ndiyo. Daktari anasema kimeonekana mapema. Bado hajajua ni kitu gani, kwa hiyo sitakuahidi lolote. Lakini kama usingelala pale kwa jina la mdogo wako, hakuna ambaye angekuita. Wewe hukuwa kwenye orodha yetu."

Bi Cherehani alikikazia macho kile kifungo, kisha akafunga ngumi. Alitafuta kiti nyuma yake kwa mkono, mdogo wake akamsogezea. Aliketi, akaukalia mkono mmoja.

"Naogopa," alisema, kwa mshangao kabisa. "Siku ile sikuogopa hata chembe."

"Siku ile ulikuwa mimi," alisema Bi Kiwanda. Alichutama mbele yake, na mbavu zake zote mbovu, akamshika magoti.

Inspekta aliwaacha. Alikuwa na kazi moja iliyobaki, na alijua kwamba wakati mwingine kazi ndogo humsaidia mtu kuvuta pumzi. Baada ya muda alitoa fomu na kalamu.

"Kesho saa mbili asubuhi Daktari anakungoja. Mara hii tunaandika jina lako. Naweza?"

"Andika."

Akaandika jina. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, wakajibu wote wawili kwa pamoja. Akauliza ndugu wa karibu, Bi Kiwanda akanyoosha kidole juu kama mtoto darasani, na kwa mara ya kwanza wote watatu wakacheka kidogo.

"Unavuta sigara?"

"Sina nafasi. Mdomo umejaa pini."

"Umewahi kuvunjika mfupa wowote?"

"Hapana. Hizo ni fani za huyu."

"Umewahi kufanya kazi penye vumbi la asbestosi?"

"Mimi? Hapana. Nimeshona humu ndani maisha yangu yote. Kiwandani sijafika hata getini."

Inspekta akapeleka kalamu kwenye kisanduku cha *hapana*. Mkono wa Bi Kiwanda ukaja, ukafunika karatasi.

"Si hapo," alisema. "Andika ndiyo."

"Mama?"

"Andika ndiyo. Miaka ishirini na sita." Hakumtazama Inspekta, wala dada yake. Alizungumza na karatasi. "Kila Ijumaa nilirudi na ovaroli za wiki. Nyeupe pee kwa vumbi. Alikuwa anazikung'uta kwanza pale uani, kwa mikono, moja moja, lile vumbi linampanda mpaka kope zinakuwa nyeupe, tunacheka, namwita bibi kizee. Ndipo azitie kwenye beseni. Miaka yote hiyo mimi sijafua hata moja. Nilikuwa najilaza, nimechoka." Machozi yalikuwa yanadondoka sasa, juu ya kisanduku cha hapana na cha ndiyo, vyote viwili. "Ndiyo maana sikuweza kusema, dada. Si kwa sababu unaumwa. Ni mimi niliyekuletea nyumbani."

Katika kazi ya polisi Inspekta alikuwa amesikia maungamo mengi, na aliyajua yanavyokwenda: mtu husema, kisha husubiri hukumu. Hapakuwa na hukumu ya yeye kutoa. Alishusha kalamu, akamtazama mtu pekee aliyekuwa na haki ya kujibu.

Bi Cherehani aliutoa ule mkono aliokuwa ameukalia, akamfuta mdogo wake uso kwa kiganja, kushoto na kulia, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto aliyekula akajipaka.

"Ulikuwa unarudi huwezi kuinua hata kijiko," alisema. "Unalala na viatu. Ningekuacha ufue?"

"Ungeniacha."

"Nyamaza wewe." Akamgeukia Inspekta. "Mwandikie ndiyo, kwa sababu ni kweli, na Daktari anatakiwa ajue. Halafu chini yake andika kwamba nilizifua kwa hiari yangu. Hakuna aliyenituma."

Fomu haikuwa na nafasi ya maneno hayo. Inspekta aliigeuza, akayaandika nyuma, neno kwa neno, akamsomea. Bi Cherehani akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi. Kisha akampa mdogo wake kalamu, akamshikia karatasi isiteleze, na hakuiachia mpaka naye alipotia yake.